Kampuni changa ikiyumba, fungua kwanza faili la ankara

Mimi ni mhasibu. Kampuni ninayoitumikia iko Mbeya mjini, maeneo ya Mafiati. Tunafunga mitandao ya kompyuta maofisini, tunauza mifumo ya SACCOS na ya shule, na mafundi wetu wanazunguka kuanzia Tunduma mpaka Makambako. Kwa viwango vya Dar es Salaam sisi ni wadogo. Kwa viwango vya huku ni wakubwa, na vijana wenye kampuni changa za teknolojia wanatutazama hivyo: tuna jenereta, benki inapokea simu zetu, na wateja wetu hawakimbii.

Kila msukosuko unapoingia, wakurugenzi hukaa kikao cha "tuwasaidieje vijana", na mawazo huwa yale yale: semina, shindano, fulana, picha ya pamoja na mgeni rasmi. Mashindano yapo ya kutosha. MAKISATU, shindano la ubunifu la serikali, lipo tangu 2019. Ninayoandika hapa ni maelekezo kwa wakurugenzi, kutoka kwenye meza ambayo wao hawaikalii. Msaada mkubwa kuliko wote mnao tayari ndani ya ofisi: ni deni mnalodaiwa na vijana hao hao.

Machi 2020, korona ilipoanza kusambaa, Facebook ilitangaza dola milioni 100 za kusaidia biashara ndogo hadi 30,000 katika nchi zaidi ya 30. Hakuna kampuni ya Mbeya yenye fungu kama hilo. Ankara za vijana zilizolala kabatini, hizo zipo karibu kila ofisi.

Jua kwanza kilichowapiga

Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kwa siku kadhaa, aliyekuwa na programu ya kuunganisha mizigo na madereva alibaki hana cha kuunganisha. Julai 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu, wapo walioamua kurudi kwenye noti za mfukoni. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchi nzima. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza ndizi, mchele, tangawizi na unga wa mahindi, Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi, na mpaka mambo yalegee mwanzoni mwa Mei, mwenye mfumo wa kuuzia ndizi za Rungwe kupitia mpaka wa Kasumulu alikuwa ameshika kichwa.

Haya yote tunayaita msukosuko, lakini hayatibiwi kwa dawa moja. Mpigie mwanzilishi simu, muulize ni lipi kati ya haya matatu: wateja wamepotea, wateja wapo ila fedha imekwama, au wateja na fedha vipo ila huduma imezimika. Wa kwanza anahitaji kazi. Wa pili anahitaji fedha ya wiki chache. Wa tatu anahitaji fundi na vifaa. Wa pili ukimwita kwenye semina ya masoko, umempotezea nusu siku aliyotakiwa kuitumia kudai madeni yake.

Na hili la fedha kukwama si la huku tu. Silicon Valley Bank ilipofungwa Machi 10, 2023, kampuni zenye mamilioni ya dola kwenye akaunti zilimaliza wikiendi zikijiuliza mishahara italipwa na nini. Jumatatu fedha zikafunguliwa. Walichohitaji siku zile ni mtu wa kuwavusha.

Lipa

Nieleze safari ya ankara, maana mkurugenzi huiona mwisho kabisa, inapofika kusainiwa.

Tuseme kijana ametutengenezea fomu za simu za kukusanyia taarifa za wakulima wa kahawa Mbozi. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 4,000,000. Kama amesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anaongeza asilimia 18, yaani 720,000. Sisi tunamwambia bila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, faili haliendi popote, naye anatoa. Kuanzia hapo TRA, mamlaka ya mapato, inamhesabia. Ritani na malipo ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Gharama yake kubwa ni mishahara, na mishahara, tofauti na manunuzi, haina VAT ya kujikatia, kwa hiyo karibu 720,000 yote inatoka mfukoni mwake. Huku kwetu faili ndiyo kwanza linaanza kutembea. Mkuu wa kitengo hajathibitisha kazi. Mkaguzi wa ndani anataka LPO (hati ya kuagiza kazi) halisi, siyo nakala. Mwenye saini ya pili yuko Dodoma. Kijana akipiga simu anajibiwa "malipo yako kwenye mchakato". Siku tisini zikipita, kampuni ya watu wanne imetukopesha kazi na imetukopesha kodi, bila riba.

Basi msukosuko ukiingia, mwagizeni mhasibu atoe orodha ya wote wanaowadai, na aipange kwa ukubwa wa kampuni inayodai, siyo kwa ukubwa wa deni. Mkiiacha ijipange yenyewe, anayelipwa kwanza ni mwenye sauti: mwenye kituo cha mafuta, mwenye jengo, msambazaji wa kompyuta anayetishia kusimamisha mzigo. Vijana wana adabu mno. Wanaandika "naomba kukumbushia" na kumalizia na "samahani kwa usumbufu", na barua ya namna hiyo inapangwa chini ya nyingine zote.

Wenye wafanyakazi chini ya kumi walipwe wiki hiyo hiyo. Fedha ikiwa haitoshi, lipeni nusu, na nusu ya pili itajwe tarehe kwa maandishi. Karatasi yenye tarehe kijana anaweza kumwonyesha mwenye nyumba akasubiriwa. Neno "mchakato" haliwezi kumfanyia hivyo.

Risiti ya EFD ikipokelewa mwezi huu, fedha iwe imemfikia kabla ya tarehe 20 ya mwezi ujao. Hii naomba iandikwe kabisa kwenye taratibu za fedha za kampuni, wala isisubiri msukosuko.

Kuna jambo jingine ambalo halitugharimu hata senti. Tukimlipa mkazi kwa huduma tunakata kodi ya zuio, asilimia 5. Kwenye zile 4,000,000 ni shilingi 200,000. Tunaipeleka TRA kwa niaba yake, na yeye anapaswa kupata cheti cha kuonyesha kwamba imeshalipwa ili ipunguzwe kwenye kodi yake ya mwaka. Cheti kisipomfikia, hesabu zake zinakuwa pungufu, na mhasibu wa kumtetea hana. Vyeti vyote vya nyuma vitafuteni, muwatumie kwa barua pepe. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kwa kazi mpya, toeni malipo ya awali. Mimi huwa natetea asilimia 40 siku LPO inaposainiwa. Bosi wangu huuliza, akichukua akakimbia je? Akimbilie wapi? Ofisi yake iko Soweto ya hapa hapa Mbeya na mama yake ana meza ya nguo soko la Mwanjelwa. Malipo ya awali pia yana usalama kuliko mkopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka leseni kwa anayefanya biashara ya kukopesha, na kampuni ya kuuza mifumo haina sababu ya kujiingiza huko. Ukitaka kumpa kijana fedha leo, mpe kazi ya kuifanyia.

Na saini. Meneja aliyebaki ofisini apewe mamlaka ya kuidhinisha malipo madogo, labda mpaka shilingi milioni tano, mkurugenzi akiwa safarini.

Kazi ndogo, yenye mwisho

Kwa yule aliyepoteza wateja, angalieni kazi mlizonazo muone kipande kipi kinaweza kukatwa. Kwetu kipande hicho mara nyingi ni mafunzo. Tukiuza mfumo kwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kuna makarani wa kufundishwa, wengine mbali barabarani, na mafundi wetu hawaipendi kazi hiyo. Kijana aliyezoea kukaa na wakulima anaifanya vizuri kuliko sisi. Vipande vingine: kuhamisha taarifa kutoka kwenye madaftari, kujibu simu za wateja, kujaribu programu kwenye simu za bei nafuu ambazo wahandisi wetu hawazimiliki.

Nauli na posho za shambani mtangulize. Usimtume mtu Ileje kwa fedha yake ukisema utamrejeshea akileta tiketi.

Ila kazi yenu isiwe ya kumlisha huku inaua kilichomfanya awe kampuni. Nimeona vijana wenye programu nzuri ya kusafirisha viazi wakigeuzwa wafungaji wa kamera, na mwaka ulipoisha programu ilikuwa imekufa na kamera hawazipendi. Wekeni miezi mitatu. Msichukue muda wao wote. Waachieni angalau siku mbili za wiki kwa bidhaa yao. Na mkataba useme wazi kwamba programu waliyokuja nayo inabaki yao. Wanasheria wetu wana kifungu walichokizoea kinachosema kila kilichoandikwa wakati wa mkataba ni mali ya mwajiri. Kifuteni.

Kazi ikiisha, mpeni barua ya uzoefu yenye maelezo: alifanya nini, wapi, kwa thamani gani, alimaliza lini. Sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi ya umma iende kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na zabuni hizo sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Mtu wenu wa zabuni anayejua kuingia humo akikaa nao siku moja wakajisajili, amewafanyia jambo ambalo wao peke yao lingewachukua wiki za kubahatisha.

Bili zinazolipwa kwa dola

Mauzo ya kijana ni kwa shilingi. Seva zake anazilipa kwa dola, kwa kadi. Mwaka 2023 na 2024 dola zilipoadimika nchini, bili ile ile ilipanda bila yeye kuongeza mteja hata mmoja, na zilikuwepo siku ambazo kadi ilikataa kabisa.

Kampuni kubwa inaweza kulipa bili hizo kwa kadi yake, kijana akarejesha kwa shilingi kwa bei ya dola ya siku hiyo, bila nyongeza. Inaweza pia kumpa nafasi kwenye seva zake zisizojaa. Zipo pia programu za Amazon, Google na Microsoft zinazozipa kampuni changa matumizi ya bure ya seva kwa muda. Mhandisi wenu awasaidie kujaza maombi. Lakini awaambie kuwa matumizi hayo yana tarehe ya kuisha, na bili inayofuata huja nzima nzima. Kwa hiyo kabla ya kuomba, punguza.

Hapa nitaeleza kwa urefu kidogo, maana niliona kwa macho yangu. Kuna binti mmoja ana programu ya wakulima wa parachichi Rungwe: mawakala wake wanapita mashambani, wanapiga picha miti, wanaandika hali yake. Bili ya seva ilikuwa imempita mauzo. Fundi wetu mkuu alikaa naye alasiri moja, mimi nikiwa pembeni na karatasi za bili. Wakakuta mashine ya majaribio inawaka usiku na mchana, na mara ya mwisho kutumika hakuna aliyeikumbuka. Wakakuta nakala za akiba za kila siku tangu programu ilipoanza, hakuna iliyofutwa. Na picha: kila mti ulitunzwa kwa ukubwa ule ule uliotoka kwenye kamera, megabaiti nne na zaidi. Fundi akazipunguza mpaka kilobaiti mia mbili, akafungua moja, akauliza, "Doa la ugonjwa unaliona?" Binti akasogeza uso kwenye kioo, akasema analiona. Basi. Zikapunguzwa zote, na programu ikarekebishwa ili simu yenyewe ipunguze picha kabla ya kutuma. Hilo la mwisho liliokoa na bando za mawakala, ambazo alikuwa anazinunua yeye. Bili ilishuka chini ya nusu.

Meseji pia ziangaliwe. Ujumbe ukivuka herufi 160 unahesabiwa kuwa zaidi ya mmoja. Ukiweka imoji moja ya tabasamu, kikomo kinashuka mpaka herufi 70, kwa hiyo salamu ya "Habari mkulima" yenye tabasamu na maelezo marefu inaweza kulipiwa mara tatu. Futa imoji. Mkulima anataka kujua bei.

Fundi anayeingia kwenye mfumo wa kijana asainishwe kwanza kwamba hatagusa wala kunakili orodha ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nyote wawili. Halafu semeni ukweli: kesho mnaweza kuwa washindani. Kijana analijua hilo, na asipoona karatasi hatawafungulia mlango hata akiwa anazama.

Meza, umeme na laini ya pili

Hili ni jepesi. Kama jenereta yenu inawaka, nyaya za umeme kwenda kwenye meza mbili za ziada hazifilisi mtu. Wapeni meza, ufunguo wa geti, na nywila ya intaneti. Kama mna laini mbili za intaneti kutoka kampuni tofauti, wao waingie kwenye ile ya akiba. Msiwaambie waje saa za kazi tu. Vijana hawa hufanya kazi usiku, na mlinzi ajulishwe mapema, la sivyo watalala nje na baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua.

Watu wao muwaache

Kampuni changa ikiyumba, harufu inafika kwetu haraka. Ndani ya wiki, meneja mmoja anakuja ofisini kwangu na jina la mtaalamu wa programu wa kule, anauliza tunaweza kumpa mshahara gani. Mtaalamu mwenyewe hana kosa, ana watoto. Lakini kampuni ya watu wanne ukiitoa mmoja, hasa yule mmoja, umeimaliza.

Tunachofanya sisi, na napendekeza kwa wengine, ni kumwazima. Makubaliano ya pande tatu: mtaalamu anafanya kazi kwetu miezi mitatu, mshahara na michango yake ya NSSF tunalipa sisi, na siku muda ukiisha anarudi kwao isipokuwa mwanzilishi mwenyewe aridhie vinginevyo. Mnapata mtu mzuri bila kutangaza nafasi, nao wanapumua.

Kununua kampuni nzima ni jambo halali, na wakati mwingine ndilo jema. Ila bei msiipange katika wiki ambayo mwanzilishi hajalala. Mlipeni kwanza mnachomdai. Mwambieni atafute mwanasheria, na kama hana uwezo, mlipieni mwanasheria asiye wenu. Kisha ndiyo mkae mezani.

Na kuna zile ambazo hazitapona. Hapo msaada ni kufunga vizuri: mishahara ya mwisho, wateja kukabidhiwa kwa mtoa huduma mwingine kwa ridhaa yao, taarifa zao kurudishwa au kufutwa, na mafaili ya TRA na ya BRELA, wasajili wa kampuni, kufungwa rasmi ili madeni ya faini yasiendelee kujijaza kimya kimya. Mhasibu wenu anaweza kuifanya. Mwanzilishi aliyefunga akiwa safi anaweza kuanza tena, na huku nyanda za juu kusini hatuna wengi wa kupoteza.

Nani, na kwa karatasi gani

Hamtaweza wote. Ombeni vitu vitatu tu: taarifa ya benki au ya laini ya simu ya miezi sita, orodha ya wateja wanaoendelea kulipa, na orodha ya madeni yenye tarehe. Mpango wa biashara wa kurasa arobaini hausomwi na mtu. Jibu litoke ndani ya wiki, hata kama ni hapana. "Hapana" ya Jumatatu inamwachia mtu muda wa kwenda kwingine, "tutaangalia" inamfungia.

Kama kuna kitu cha kurejeshwa, kalenda ifuate shamba. Kampuni nyingi changa za huku, hata zikijiita za teknolojia, mwisho wa siku zinalipwa na mkulima. Novemba na Desemba anapanda, fedha imeingia kwenye mbegu na mbolea. Januari mpaka Machi hana kitu. Mahindi yanavunwa kuanzia Mei, kahawa inafuata katikati ya mwaka, na hapo ndipo AMCOS zinapokuwa na cha kulipa. Kijana aliyepigwa na msukosuko Februari amepigwa mara mbili. Ukimwekea marejesho ya kuanzia Machi, ujue unampangia kushindwa. Anza Julai.

Yote yaandikwe ukurasa mmoja: tunatoa nini, mpaka tarehe ngapi, wao wanatoa nini, nani wa kupigiwa simu kila upande. Msaada usio na tarehe ya mwisho huleta maneno. Anayepewa haachi kushukuru na anayetoa haachi kuamuru. Nakala moja ibaki kwa mkurugenzi, moja kwa kijana, na ya tatu iletwe uhasibu siku hiyo hiyo, maana bila hiyo mimi sitoi fedha.